Siku ya Mechi Hakuna Matangazo

WALEED: Haloo? Nani mwenzangu?

BOGA: Nani mwenzako! Ushafuta hata namba yangu?

WALEED: Simu ilianguka, kioo kimepasuka, jina silioni. Nani?

BOGA: Mwenyekiti.

WALEED: Mwenyekiti wa nini?

BOGA: Wa nini, asema! Mashabiki wa Arsenal, tawi la Bofu, Likoni nzima yanijua. Boga! Salaam aleikum.

WALEED: Waleikum salaam, Boga.

BOGA: Habari za Changamwe?

WALEED: Njema. Za Likoni?

BOGA: Salama. Haya, salamu zimekwisha, tuingie kwenye kesi.

WALEED: Kesi gani?

BOGA: Usinifanye mtoto, yakhe. Nimesimama nje ya banda. Ndani watu wamejaa pomoni, mpira ndio huo waanza, na hakuna hata mmoja anayetazama skrini. Watazama picha yako.

WALEED: Picha ipi?

BOGA: Umevaa jezi ya Manchester United, Waleed. United! Tena si ya kujitupia begani, umeivaa ikakushika mwili. Na umekumbatiwa na yule mwanamke wao wa huko Changamwe, yule mwenyekiti wao, mwenye sauti ya meli—

WALEED: Mercyline.

BOGA: Astaghfirullah! Wamtaja na kwa jina!

WALEED: Ndilo jina lake.

BOGA: Na wacheka. Tangu tuko wadogo sijapata kuliona gego lako la mwisho, leo nimeliona, na nimelionea upande wa hao Mashetani Wekundu.

WALEED: Boga, mimi niko mahali hapa—

BOGA: Ngoja, sijamaliza. Na ile pamba?

WALEED: Pamba?

BOGA: Hapo ndani ya kiwiko. Nyote mmebandika pamba na plasta. Wewe, huyo Mercyline wako, na wale waliopanga mstari nyuma. Baya asema hicho ni kiapo. Asema mashetani wa Changamwe kwanza humchanja mtu mkono, ndipo wampe jezi.

WALEED: Baya ndiye aliyesema hivyo?

BOGA: Na Zubeda amekubali. Naibu wangu wamjua, Zubeda hakubali kitu. Ukimwambia jua limechomoza atatoka nje ahakikishe. Lakini hili la pamba amekubali.

WALEED: [Anacheka kidogo, kisha anaacha.] Mwambie si kiapo.

BOGA: Basi ni nini?

WALEED: Siwezi kupaza sauti hapa.

BOGA: Hapo wapi? Umo bandani mwao! Waleed, wallahi, kama umo bandani mwao saa hii na sisi twacheza—

WALEED: Simo bandani mwa mtu.

BOGA: Sikiliza. Mimi nataka kukusaidia. Utaratibu waujua. Mwanachama akionekana na jezi ya adui, sharti ajieleze mbele ya wenzake. Akishindwa, kiti chake apewa mwengine. Na chako washaanza kukigombania, kile cha chini ya feni. Kuna mzee mmoja ameshaweka mto wake hapo.

WALEED: Mwachie.

BOGA: Nimwachie nini! Sema ile picha imetengenezwa. Siku hizi kuna mitambo, mtu avalishwa hata buibui na hajui. Naweka simu kwenye spika, waseme "aah", tumalize, tutazame mpira wetu. Neno moja tu. Haya, tayari?

WALEED: Picha ni ya kweli.

BOGA: Sijaweka spika bado. Rudia vizuri.

WALEED: Ni ya kweli, Boga. Nilivaa. Jezi ni ya Mercyline mwenyewe, alikuwa nayo ya akiba mkobani.

BOGA: Lakini kwa nini?

WALEED: Shati langu lilikuwa limeharibika.

BOGA: Likiharibika ndiyo uvae hiyo? Si ungekaa kifua wazi? Mtume na maswahaba, ningekaa kifua wazi mpaka—

WALEED: Lilikuwa na damu.

[Mtandao unakwaruza.]

BOGA: Umepigwa? Nani amekugusa? Sema jina, tunakuja sasa hivi, hata hao mashetani—

WALEED: Sikupigwa. Damu ya Swabra.

BOGA: Shemeji?

WALEED: Alijifungua Jumapili iliyopita, alfajiri, zahanati ya hapa karibu. Adhuhuri tukarudi nyumbani, tumefurahi. Alasiri damu ikaanza kumtoka, ikakataa kusimama. Nilimbeba mikononi mpaka kwenye tuktuk.

BOGA: La ilaha illallah.

WALEED: Mtoto ni mzima. Yuko na mamangu.

BOGA: Mamako yuko huko? Ndiyo maana mlango wake umefungwa. Nimepita hapo kila siku nikidhani amekwenda kwa dadako. Na mimi sijui lolote! Waleed, sisi ni watu gani kwako? Mimi niliyekushika mkono ukaoe, nisikie habari hii kwa sababu ya picha?

WALEED: Sasa umesikia.

BOGA: Usinijibu hivyo.

WALEED: Daktari alisema watafutwe watu wa kutoa damu, haraka. Kundi lolote, wenyewe wanabadilishana na benki yao ya damu. Kakake Swabra akaja mbio kutoka Jomvu Kuu, akatoa. Nami nikatoa. Haikutosha.

BOGA: Na sisi huku tumekaa! Banda zima limejaa damu! Watu wana damu mpaka wapigana kwa sababu ya kona! Si ungetuambia?

[Kimya.]

BOGA: Waleed? Imekata?

WALEED: Haijakata.

BOGA: Nasema ungetuambia.

WALEED: Niliandika.

BOGA: Ukaandika wapi?

WALEED: Kwenye grupu.

BOGA: Grupu letu? Haiwezekani. Mimi ndiye admini, hapiti nzi pale nisimwone—

WALEED: Ilikuwa siku ya mechi, Boga.

[Kwa mbali watu wanapiga mbinja.]

BOGA: Uliandikaje?

WALEED: Nilianza na salamu. Kisha, "Ndugu zangu, samahani kwa kuwasumbua." Kisha nikaeleza.

BOGA: "Samahani kwa kuwasumbua."

WALEED: Nilitaka kuwa na adabu.

BOGA: Wote huanza hivyo. Wallahi wote! Yule wa mahamri. Yule wa magodoro ya mtumba. Yule mwendawazimu wa dawa ya kuotesha nywele, na yeye mwenyewe ana kipara. "Samahani kwa kuwasumbua." Ndiyo maana tukapitisha kwamba siku ya mechi hakuna matangazo. Mwenye habari isiyo ya mpira atolewe mpaka filimbi ya mwisho.

WALEED: Nakumbuka. Nilinyoosha mkono kuunga.

BOGA: Mtu akiwa na mpira mbele ya macho, hasomi. Aona yale maneno mawili matatu ya mwanzo, kidole chenda chenyewe...

WALEED: Sijakuuliza.

BOGA: Naeleza tu jinsi mtu, mtu yeyote...

WALEED: Wacha, Boga.

BOGA: Ungepiga simu.

WALEED: Nilipiga.

BOGA: Siku ya mechi mimi sipo... Simu zako niliziona baadaye. Nikadhani umenuna kwa kutolewa. Nikasema, mwanamume mzima anuna kwa ajili ya grupu, na apoe kwanza. Kisha tukabishana kuhusu refa mpaka kukakucha. Kukurudisha sikukumbuka tena.

WALEED: Ndiyo hivyo.

BOGA: Na hao... wenzako wa pamba?

WALEED: Banda lao limetazamana na geti la hospitali. Nilikaa kwenye ngazi zao, simu mkononi yaniambia mimi si mwanachama tena. Mercyline akatoka kununua karanga. Akanitazama, akasema, "Wewe, mbona una uso kama umefungwa nne nyumbani kwako?" Nikamwambia.

BOGA: Alijua wewe ni Arsenal?

WALEED: Nilikuwa na kofia yetu kichwani.

BOGA: Akasemaje?

WALEED: Alisema, "Pole sana, misiba imekuandama pande zote." Akaingia ndani. Akatoka na watu.

BOGA: Mpira wao ulikuwa umekwisha?

WALEED: Kipindi cha pili ndio kinaanza.

BOGA: United yenyewe ilikuwa yacheza?

WALEED: United yenyewe.

BOGA: Na wakauacha.

WALEED: Wakauacha. Mmoja alifuata na redio sikioni. Amelala kitandani, sindano imo mkononi, akapiga kelele ya goli, nesi akamnyang'anya. Tulikuwa bado tunamcheka ile picha ilipopigwa.

BOGA: Kwa hivyo shemeji yangu sasa ana damu ya mashetani.

WALEED: Painti kadhaa.

BOGA: Na akiamka akaulizia matokeo ya United?

WALEED: Aliamka. Aliuliza kwa nini nimevaa nguo ya mwanamke.

[Wanacheka wote wawili. Waleed anaacha wa kwanza.]

BOGA: Alhamdulillahi. Basi ni mzima. Mko nyumbani.

WALEED: Tuko hospitali.

BOGA: Bado?

WALEED: Anarudishwa chumba cha upasuaji leo. Kuna kitu ndani hakijatulia. Wanataka iwe kabla ya magharibi.

BOGA: Na damu?

WALEED: Wanatafuta.

BOGA: Wanatafuta vipi? Si hao mashetani wako hapo getini? Waingie tena!

WALEED: Aliyetoa haruhusiwi kutoa tena mpaka miezi ipite. Mercyline amebishana na daktari asubuhi yote. Amemwambia yeye ana damu ya ziada, atazamwe tu mwili. Mwishowe askari wa geti amemtoa nje, na sasa yuko barabarani asimamisha malori ya bandari ya Kipevu, awaomba madereva damu.

BOGA: Wamepatikana?

WALEED: Mmoja aliteremka. Alipoona sindano akapanda tena.

BOGA: Na wewe hapo umekaa wangoja. Nami nimekupigia kukusomea utaratibu wa kiti.

WALEED: Hukujua.

BOGA: Hata sasa hukutaka kusema.

WALEED: Nilishagonga huko mara moja.

[Mtandao unakwaruza. Sauti za watu zinapanda na kushuka.]

BOGA: Usikate simu.

WALEED: Boga, huna haja ya—

BOGA: Nimesema usikate! Nakuweka spika, niandike. Nawaita wote. Na mimi wa kwanza.

WALEED: Wewe utoe damu?

BOGA: Kwani mimi nina maji ya madafu?

WALEED: Siku ya chanjo shuleni uliruka dirisha. Nesi alibaki na shati lako mkononi.

BOGA: Nilikuwa mdogo.

WALEED: Ulikuwa darasa la nane, una ndevu.

BOGA: Nitafumba macho! Wewe utanishika mguu mmoja na Mercyline mwengine. Haya, naandika... "Jamani, hii si habari ya mpira, lakini..." nimetuma ya kwanza. Naandika ya pili... Ebo!

WALEED: Kuna nini?

BOGA: Nimetolewa!

WALEED: Umetolewa wapi?

BOGA: Kwenye grupu! Grupu langu mwenyewe! Zubeda! Nilimpa uadmini juzi tu, kwa mkono wangu huu! Hakunipa hata nafasi ya kuweka nukta!

WALEED: [Anacheka.] Ni siku ya mechi.

BOGA: Wacheka! Mkeo yuko kitandani, nawe wacheka!

WALEED: Tangu Jumapili sijacheka hivi.

BOGA: Basi cheka, nami naingia ndani. Usikate. Salio langu lenyewe ni la kukopa, likikata usinilaumu.

[Mlango wa mabati. Kelele za watu zinajaa simuni.]

BOGA: Zubeda! Zubeda, nipe rimoti!

ZUBEDA: Kaa chini, mwenyekiti! Penalti hii!

BOGA: Nipe rimoti nakwambia!

ZUBEDA: Yetu, mwenyekiti! Penalti yetu! Mtu ashaweka mpira chini! Wewe huko nje—we Boga, usi—

[Kelele za skrini zinakatika. Makelele makubwa ya watu.]

SAUTI: Stima! Stima imekwenda!

SAUTI: Stima gani na feni yazunguka! Ni huyo! Ni huyo Boga amezima!

SAUTI: Mwenyekiti amepagawa!

SAUTI: Mtoeni nje! Mpigeni, kisha mtoeni!

ZUBEDA: Boga, washa. Washa tuongee baadaye. Washa kabla hawajakuua.

BOGA: Tukaneni! Tukaneni vizuri, mama na baba, mkimaliza mniambie!

SAUTI: Washa kwanza!

BOGA: Mke wa Waleed yuko hospitali huko Changamwe. Amejifungua, damu imemtoka. Anapasuliwa leo kabla ya magharibi na damu hakuna.

[Makelele yanapungua upande mmoja, kisha upande wa pili.]

ZUBEDA: Waleed huyu wetu?

BOGA: Mnao wengine wangapi?

SAUTI: Si amehama huyo? Ile picha?

BOGA: Ile pamba mkononi, Baya, ndiyo hiyo. Walikuwa wametoka kumtolea mkewe damu. Mashetani waliuacha mpira wao katikati, wakapanga foleni, na timu yao iko uwanjani. Haya, mwambie tena mtu kuhusu kiapo.

ZUBEDA: Na sisi alitunyima habari kwa nini?

BOGA: Hakutunyima.

ZUBEDA: Sisi hatukuona kitu, mwenyekiti.

BOGA: Najua hamkuona. Najua na kwa nini. Leo ilikuwa aje mtu ajieleze mbele ya banda. Huyo mtu si Waleed. Nitajieleza nikirudi, na kiti changu mtakifanya mtakavyo. Lakini sasa hivi mimi naondoka, na rimoti naondoka nayo.

[Benchi linaburutwa. Benchi jengine.]

ZUBEDA: Hospitali gani?

BOGA: Atatuelekeza mwenyewe, yuko hapa kwenye simu. Waleed! Wasikia?

WALEED: Nasikia.

ZUBEDA: Waleed, ndugu yangu, pole. Tuko njiani. Wanawake wachukuliwa pia?

WALEED: Wachukuliwa, dada Zubeda. Aliyekula, mzima, asiye na dawa anazomeza.

ZUBEDA: Haya, mmesikia! Asiyekula achukue mahamri pale, alipe baadaye! Abdulghani, pikapu yako ina mafuta?

SAUTI: Ya kwenda. Ya kurudi sijui.

ZUBEDA: Kurudi tutasukuma. Pitia barabara ya Dongo Kundu, usinipeleke kwenye foleni ya feri. Baya, wewe wapi?

BAYA: Nakuja kutoa.

ZUBEDA: Jana ulikuwa kwenye pombe ya mnazi mpaka umebebwa. Ukimpa mtu damu ile atafufuka aimbe. Kaa hapa ulinde viti.

BAYA: Basi mniachie rimoti.

ZUBEDA: Hupewi!

BOGA: Waleed? Twatoka. Wasikia miguu? Si wote, wawili watatu wamejificha nyuma ya spika nawaona, lakini pikapu itajaa. Nimekuweka sikioni sasa.

WALEED: Boga.

BOGA: Nini?

WALEED: Mna jezi mwilini?

BOGA: Tunazo. Tuvue? Kama mashetani hao watakasirika, mimi sitaki fujo mbele ya hospitali—

WALEED: Njooni nazo. Nimetoka hadi getini, nimemwambia Mercyline sasa hivi. Asema aliyevaa jezi ya Arsenal atapita bure, kwa sababu ashateseka vya kutosha.

BOGA: Mwambie huyo mwanamke... mwambie... [Anakohoa.] Mwambie tunamsalimu sana.

WALEED: Mwambie mwenyewe ukifika.

BOGA: Nitamwambia. Panda, Zubeda, panda mbele! Waleed, yule mwanamke wa salio ameanza kuniimbia sikioni, sina muda. Mpe shemeji salamu. Mwambie nimekuja. Usimwambie jambo jengine.

WALEED: Sitamwambia.

BOGA: Haya, kwaheri, twaja, inshallah... Ah! Waleed! Hata sijauliza! Ni wa kiume au wa kike? Maana kama ni wa kiume, na mmeshampa jina la mchezaji wa Uni—

[Simu inakatika.]

WALEED: Haloo? Boga? Wa kike. Hana jina bado.